Kalibu Iliyorudishwa Safi

Sherifu Boyd Kimber alipenda kesi fupi na mlo mrefu, na Ijumaa ile saa sita mchana alikuwa navyo vyote viwili mezani: faili jembamba la mauaji ya Thayne Ostler, na bakuli la maharage yenye nyama na pilipili, mkate wa mdalasini ukisubiri zamu yake pembeni.

"Saa kumi na moja jioni," alisema, akilamba kidole. "Wakili anamletea Dewey karatasi, Dewey anakiri, anatia sahihi, anakula miaka ishirini na mitano, tumemaliza. Akikataa, Jumatatu mwendesha mashtaka anamwombea hukumu ya kifo. Mimi kesho msimu unafunguliwa, naingia mlimani kuwinda kulungu. Sasa wewe, Nekane, kinachokuwasha ni nini?"

"Dewey hakuua."

"Risasi imetoka kwenye kalibu yake."

"Kwenye kalibu yake, sawa."

"Basi."

Nekane Arrieta alimtazama bosi wake akivunja mkate na kuuchovya kwenye maharage. Miaka kumi na minne ya upelelezi katika kaunti hii ya milimani, Idaho, ilikuwa imemfundisha kwamba Boyd Kimber hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu, na uvivu wake ulikuwa umeshawapeleka gerezani watu wengi kuliko ubaya wa masherifu wawili waliomtangulia.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Thayne Ostler, mfuga farasi na mwenyekiti wa klabu ya wawindaji, alipigwa risasi alfajiri ya Jumatatu, siku kumi na moja zilizopita, akiwalisha farasi wake zizini. Risasi ya bunduki nzito ya magnum ilimpita kifuani, ikatokea mgongoni, ikaenda kuzama kwenye magunia ya shayiri, na ilipochimbuliwa ilikuwa karibu nzima. Wanachama wa klabu ile hawanunui risasi. Kununua kwao ni aibu ya kufichwa. Wanayeyusha madini ya risasi wenyewe, wanayamimina kwenye kalibu, kile chuma cha kuumbia risasi, wanapaka nta, wanapima baruti na kuijaza kwenye maganda ya zamani, kisha wanakaa kusifiana mpaka wake zao wanawakimbia. Bunduki haikusaidia kitu, maana wanachama wanne walinunua magnum za aina moja siku moja, na maabara ya jimbo ilisema haitaleta majibu kabla ya Krismasi. Kilichobaki ni kovu. Kalibu ya Dewey Pruitt ilikuwa imechokonolewa na bisibisi zamani, na kila risasi iliyomiminwa humo ilitoka na mstari mdogo uliovimba ubavuni. Delmar Rasband, mtaalamu wa klabu, aliitazama ile iliyomuua Ostler kwa nusu dakika, akasema ni ya Dewey, na Sherifu akaenda kumkamata Dewey kabla chakula cha mchana hakijapoa.

Nekane naye alikuwa amepoteza siku mbili kwa Lowell Fife. Fife alikuwa na bunduki ya aina hiyohiyo, aligombana na Ostler kwa sababu ya mfereji wa maji, na kila alipoulizwa alikuwa wapi alfajiri ile alianza kumeza mate. Siku ya pili alimvuta Nekane nyuma ya ghala, akatazama kushoto na kulia.

"Bi Arrieta, nitakwambia, ila nakuomba lisifike klabuni."

"Sema."

"Mimi risasi zangu nanunua."

"Unanunua wapi?"

"Ng'ambo ya mlima. Nazitoa kwenye boksi lake nazitia kwenye kopo la kahawa, wanadhani nimemimina. Jumatatu ile nilikuwa huko. Muulize mwenye duka, nilimkuta ndiyo kwanza anafungua mlango."

Mwenye duka alithibitisha. Mtu mzima na mvi zake alikuwa radhi ashukiwe kwa mauaji kuliko ijulikane kwamba ananunua risasi dukani. Nekane aliendesha gari kurudi mjini akiwadharau wote kwa pamoja, lakini njiani dharau ile ikampa akili. Kama aibu ya watu hawa iko kwenye kazi ya mikono yao, basi kitu cha kuchunguza ni kazi yenyewe.

Ndipo Jumatano akaitoa kalibu kabatini. Ilikuwa mapande mawili ya chuma yanayofumba na kufumbua, yenye mikono ya mbao, imelala ndani ya mfuko wa karatasi tangu siku ilipochukuliwa bandani kwa Dewey, na hakuna aliyejisumbua kuifungua. Kalibu nyingine za Dewey Nekane alikuwa ameziona: zimo kwenye ndoo ya plastiki pamoja na misumari, zina kutu, zimegandiwa na matone ya madini. Hii ilikuwa imefutwa ikapakwa mafuta. Alipofumbua mikono yake alikuta risasi imo ndani, imekaa inang'aa. Kitako chake kilikuwa kimenyooka, pete zake kali, haina hata kunyanzi moja, na ubavuni lile kovu.

Mtoto yeyote aliyekulia kwenye bonde hili anajua maana yake. Mmiminaji hodari akimaliza kazi haitoi risasi ya mwisho. Anaiacha ndani ya kalibu izibe hewa, chuma kisiote kutu. Akiazima kalibu ya mwenzake, hivyo ndivyo anavyoirudisha. Ni adabu yao, na wanaifuata kuliko wanavyofuata sheria za barabarani.

Nekane alimwita karani, wakapiga picha, wakaandika, wakatia sahihi wote wawili. Kisha akaitoa ile risasi, akaifunga kwenye leso, na kalibu tupu akaiweka wazi kwenye dirisha la chumba cha kufulia, penye mvuke, siku mbili mfululizo. Karani alimuuliza kwa nini. Alimjibu kwamba ana wazo, na kwamba si wazo la kistaarabu.

Nekane hakumwambia Sherifu. Boyd Kimber na Delmar Rasband walikuwa marafiki wa kupigiana simu, na jambo lolote lililomwingia Sherifu sikioni lilimtokea mdomoni kabla ya jua kuchwa.

"Nakuomba kitu kimoja tu," Nekane alimwambia sasa. "Saa nane twende wote kwa Rasband. Amekubali kumimina risasi moja kwa kalibu ya Dewey mbele yetu, tuone kovu linavyotokea. Mwendesha mashtaka atafurahi."

Uso wa Sherifu ukachangamka. "Hilo sasa ndilo neno. Tena nina mzigo wangu kwake. Kanijazia risasi za kesho."

"Haya," Nekane alisema, na akaenda mahabusu.

Dewey Pruitt alikuwa na miaka arobaini na mmoja, ishirini kati yake ameitumia kwenye kiwanda cha mbao na iliyobaki kwenye chupa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja katikati ya magoti. Kati ya Jumapili jioni na Jumatatu mchana hakumbuki kitu, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza.

"Dewey, ukimaliza kumimina, ndani ya kalibu unaacha nini?"

"Ndani?" Alifikiri. "Kutu, Bi Arrieta."

"Ile yenye kovu uliitumia lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya kiangazi. Toka hapo imo kwenye ndoo. Banda langu halina kufuli, mtu wa klabu akitaka kitu anaingia anachukua, anarudisha."

"Nani aliichukua?"

"Sasa hapo unaniuliza mimi? Mimi nalala nimelewa, nikiamka nimelewa."

"Basi usitie sahihi leo."

Dewey alitikisa kichwa polepole. "Mwalimu kasema ni yangu."

Rasband alifundisha ufundi wa chuma katika sekondari ya mji miaka thelathini, na nusu ya wanaume wa kaunti bado walivua kofia akipita. "Mwalimu alisema ile risasi imetoka kwenye kalibu yako," Nekane alisema. "Hakukuona umeshika bunduki."

"Yeye hakosei mambo ya chuma. Alinifundisha kushika tupa, Bi Arrieta, baba yangu mwenyewe alishindwa. Na Thayne nilimtukana mbele za watu aliponifukuza klabu. Mimi sikumbuki, yeye anajua. Sasa mimi nani nibishe?"

"Ukitia sahihi kabla sijarudi nitakuzaba kofi mimi mwenyewe."

"Ndiyo, Bi Arrieta," alisema Dewey, kwa sauti ya mtu ambaye maisha yake yote amemjibu ndiyo kila aliyesimama mbele yake.

Karakana ya Delmar Rasband ilikuwa safi kupita jiko la watu wengi. Kila chombo kilikuwa na msumari wake ukutani, na nyuma ya kila chombo umbo lake limechorwa kwa rangi nyeupe, ili kikitoka ionekane kimetoka. Jiliwa la kubania vyuma lilikuwa limefutwa vumbi. Chini ya meza zilipangwa kreti za herufi za kuchapishia za gazeti la mji, ambazo Rasband alizinunua zote siku gazeti lilipobadilisha mitambo. Alikuwa akiziyeyusha kumiminia risasi zake: madini yake ni magumu kuliko ya kawaida, na alipenda watu wajue kwamba hakuna mwingine aliye nayo.

Mwenyewe alikuwa na miaka sabini, mrefu, kucha safi, aproni imepigwa pasi. Alimpa Sherifu mkono. Nekane alionyeshwa tu kiti kwa kidevu.

"Bibie atakaa pale, mbali na moto. Kuna kinywaji cha shayiri. Kahawa humu hatunywi, dini yetu inakataza."

"Najua. Ndiyo maana nimekunywa kabla ya kuja."

Sherifu alikuwa ameshafika kwenye boksi lililowekwa mezani kwa ajili yake. "Ni hizi?"

"Arobaini," Rasband alisema. "Kila risasi nimeipima, kila baruti nimeipima. Ukikosa kulungu kwa hizi, Boyd, uza bunduki ununue fimbo ya kuvulia samaki."

Sherifu alicheka kwa furaha ya mtoto aliyepewa peremende. Nekane alifungua daftari.

"Unisaidie, Mwalimu. Mimi ni mtoto wa wachunga kondoo, mambo haya siyajui."

"Inaonekana."

"Wewe kalibu ya Dewey umewahi kuitumia?"

Rasband alimtazama kama aliyeulizwa iwapo hula kwenye bakuli la mbwa. "Mimi? Bibie, mara ya mwisho kuishika ile kalibu ni miaka tisa iliyopita, wiki aliyoinunua. Nilimwona na bisibisi mkononi, anachokoa risasi iliyonasa. Anachokoa! Unaipasha moto inatoka yenyewe. Siku ile nikajua kalibu imekwisha, na mwenyewe pia."

"Kwa hiyo anaitunza vipi?"

"Haitunzi. Andika: mtu anayejua kazi anaacha risasi ya mwisho ndani ya kalibu, kuzuia kutu. Nilimwimbia wimbo huo darasani miaka mitatu. Dewey Pruitt hajawahi kuacha risasi kwenye kalibu tangu azaliwe. Anazitupa tupu kwenye ndoo na misumari yake."

"Hajawahi hata mara moja?"

"Hata mara moja. Umeandika?"

"Naandika," Nekane alisema, na akaandika neno kwa neno, bila haraka.

Chungu cha umeme kilikuwa kimeshika moto. Rasband alitumbukiza kipande cha nta, moshi ukapanda, akauwasha kwa kiberiti ukawaka njano kisha ukazimika. Akakoroga, akaengua uchafu wa kijivu uliopanda juu mpaka madini yakabaki yanang'aa. Mikono yake ilikuwa haina papara, na wakati wote mdomo haukupumzika. Alimweleza Sherifu jinsi Fife asivyojua kupima baruti, jinsi marehemu Ostler, Mungu amweke pema, alivyokuwa akipaka nta kama anapaka siagi, jinsi klabu nzima ingekuwa kichekesho cha jimbo kama si yeye na zile shabaha zake zilizochapishwa kwenye jarida la wawindaji. Sherifu aliitikia kila jambo. Nekane aliona kwamba mzee huyu hajawahi kumtaja mtu, aliye hai au aliyekufa, bila kumpunguza.

"Haya, nileteeni hiyo takataka," Rasband alisema hatimaye, akanyoosha mkono.

Nekane alimpa mfuko. Alitoa kalibu, akaipindua mara moja, akaifumbua juu ya kitambaa kilichokunjwa. Halafu akaisogeza karibu na taa. Ngozi ya shingo yake ilianza kuwa nyekundu.

"Nani kaifungua hii?"

"Haijafunguliwa na mtu," Sherifu alisema. "Imo kabatini tangu tuilete."

"Boyd, usiniambie upuuzi. Tazama." Alipitisha ukucha ndani ya tundu, ukatoka na unga mwekundu. "Kutu mpya. Mmeitoa iliyokuwemo, mkaiweka wazi penye unyevu, hata tone la mafuta hamkutia. Hii ni ya juzi hii. Kitu kimekuja kwenu salama, kimezibwa vizuri, na hata kukiacha kilivyo hamwezi? Ndiyo nyinyi mnaotunza vielelezo vya mahakama? Ningempa mbuzi angekitunza vizuri zaidi."

Madini yalikuwa yakimeremeta chunguni. Nekane alifunga kofia ya kalamu yake.

"Iliyokuwemo ni ipi, Mwalimu?"

"Risasi. Ile ya…" Rasband alisita. Aliirudisha kalibu mezani kwa uangalifu, mikono yake ya mbao ikielekea upande mmoja. "Kwa desturi huwa inaachwa."

"Na Dewey hajawahi kuacha. Hata mara moja. Umeniambia niandike, nimeandika."

"Basi mtu mwingine wa klabu aliiazima. Banda la yule mlevi halina hata kufuli."

"Mtu yeyote angeweza kuiacha, hilo kweli. Lakini kujua kwamba ilikuwemo, tena imezibwa vizuri, hilo si mtu yeyote. Tulijua watu wawili, mimi na karani, na wa tatu ni aliyeiacha. Sherifu hapa hakujua."

"Sikujua," alisema Sherifu, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa amesema kitu kinachofaa kuandikwa.

Nekane alifungua leso na kuiweka ile risasi mezani, chini ya taa. "Hii hapa. Picha zipo, sahihi zipo. Pima kwa ukucha, haiingii. Dewey anayeyusha vyuma vya kusawazishia magurudumu, za kwake ukucha unaingia, na zina makunyanzi kama uso wa mtu aliyelala chali juani. Hii imetoka kwenye kreti zako. Iliyomuua Thayne nayo ni ngumu hivihivi, haikupondeka pua hata ilipopita mfupani."

"Hayo ni maneno ya mchunga kondoo."

"Nina karatasi pia." Aliitoa bahasha na kukunjua shabaha, karatasi ya kulengea yenye matundu matano, yamebanana kiasi cha kufunikwa na sarafu moja. "Hii iko kwenye jarida la wawindaji, picha yako pembeni. Yenyewe nimeikuta kwenye droo ya Thayne, pamoja na barua ya kukuumbua aliyoitayarisha aisome kwenye karamu ya klabu, Jumamosi ile ambayo hakuifikia. Risasi ya madini tupu ikitoboa karatasi inaacha duara la kijivu. Hapa hakuna duara. Matundu yote ni safi kama ya mkanda wa suruali." Alielekeza kalamu ukutani. "Hii haijapigwa risasi hata moja. Umetumia kile chuma cha kutobolea ngozi, cha tatu kutoka kushoto."

Sherifu aligeuza kichwa akatazama chuma kile, akamtazama Rasband, na boksi la risasi arobaini akalirudisha mezani taratibu.

Rasband hakukana. Alizima chungu, akavua glavu, akaziweka moja juu ya nyingine. Alipozungumza alimwambia Sherifu, kana kwamba kwenye kiti cha Nekane hapana mtu.

"Thayne Ostler alikuwa hawezi kutofautisha nta na mafuta ya nguruwe. Na mtu wa namna hiyo asimame mbele ya wale wajinga, nusu yao wananunua dukani wanadhani sijui, anifanye kichekesho mimi? Mimi ndiye niliyewafundisha kushika chombo."

"Mbona hukutumia kalibu yako, Delmar?" Sherifu aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Swali hilo, Boyd, linaonyesha kwa nini wewe ni sherifu wa mahali kama hapa."

"Kuna jambo moja mimi sikuelewa," Nekane alisema. "Ungemimina vibaya tu. Ungetumia madini ya Dewey, risasi itoke chafu, ina makunyanzi, ungeitupa kalibu ndooni tupu ilivyo na kutu yake. Leo ningekuwa sina hata pa kuanzia."

Kwa mara ya kwanza mzee alimgeukia na kumtazama machoni. "Kumimina vibaya sijui," alisema, na alisema kwa fahari.

"Na Dewey je? Amekaa kule anaamini ameua, kwa sababu umesema wewe."

"Dewey ni mabaki, bibie. Kila kundi lina mabaki yake, unayarudisha chunguni. Miaka mitatu mingine pombe ingemmaliza. Gerezani angalau wangempa chakula."

Nekane alikuwa amewachukia wauaji wengi, na wengine aliwaonea huruma. Huyu alimtia kinyaa, kama kile cha kukuta funza kwenye nyama iliyofungwa vizuri na karatasi ya duka. Alimtazama Sherifu mpaka Sherifu akatoa pingu.

Mlangoni Boyd Kimber aligeuka kidogo kuelekea boksi lake la risasi mezani. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bega la Rasband, mwingine hajui aupeleke wapi.

"Ziache, Boyd," Nekane alisema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo. "Hizo sasa ni vielelezo."

Walifika kituoni saa kumi na dakika ishirini. Nekane alimwachia Sherifu mzee yule akapanda ngazi za mahabusu mbili mbili, maana muda ulikuwepo, lakini hakuuamini. Juu alimkuta wakili wa Dewey anafunga mkoba, viatu vya kuwindia vimeshakaa miguuni.

"Tayari," wakili alisema. "Nimekuja mapema kidogo. Nataka kufika kambini kabla ya giza."

"Katia sahihi?"

"Saa kumi na robo. Hakusumbua. Hata kusoma hakusoma."

"Nipe."

"Hiyo ni hati ya…"

"Imeshafika kwa hakimu?"

"Bado, nilikuwa naipitisha njiani."

"Delmar Rasband yuko chini, kwenye pingu, na Sherifu kamsikia kwa masikio yake. Peleka hiyo karatasi kwa hakimu, na Jumatatu nitasimama mahakamani niseme ulimfunga mtu asiye na hatia ili uwahi kulungu. Au ichane hapa, nikuone."

Wakili alikuwa mwepesi wa kuelewa palipokuwa na hatari kwake. Aliichana mara mbili, akaweka vipande mfukoni, akashuka bila kuaga.

Dewey alikuwa amekaa palepale ukingoni mwa kitanda. Alimwona Nekane akajikunyata kidogo.

"Nimetia, Bi Arrieta. Najua ulisema. Wakili alikuwa na haraka."

"Nimeona. Imechanwa. Dewey, nisikilize. Si wewe. Ni Rasband. Alichukua kalibu yako, akamimina yeye, akaua yeye. Amekiri mbele ya Sherifu."

Dewey alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, lile ambalo misumeno ya kiwandani haikuliharibu. Ilibidi aambiwe mara mbili. Hakuuliza kwa nini Mwalimu alimfanyia vile, na Nekane alishukuru, maana jibu alikuwa nalo na asingeweza kulitamka mbele ya uso ule.

"Kwa hiyo sikumuua Thayne."

"Hukumuua."

"Usingizini pia? Nikiwa nimelewa?"

"Hukutoka nyumbani kwako, Dewey."

Alitikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali kila kitu. Kisha akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Siku kumi na moja nimekuwa nikimwomba msamaha," alisema. "Asubuhi na jioni. Nilimwambia, Thayne, sikumbuki, lakini nisamehe. Na juzi, Bi Arrieta, nilihisi kama amenisamehe."

Nekane alichukua ufunguo. Akafungua mlango wa seli, akaingia, akakaa kitandani kando yake.